Korongo ni Mlinzi wa Zamu

Mara kwa mara wananchi huuliza: kwa nini Taifa lihangaike na ndege ilhali watu wanahitaji mashamba? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapatikana katika kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda.

Maji ya Rugezi huingia ziwa Burera, huzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka, kisha hupitia ziwa Ruhondo hadi mitambo ya Mukungwa. Kinamasi kilipochimbwa mifereji na kulimwa, na ukame nao ukazidi, ziwa lilishuka. Mwaka 2004 mitambo hiyo ilikosa maji ya kutosha. Umeme ukawa wa mgao, na fedha nyingi zikateketea katika jenereta za dizeli. Serikali ilipiga marufuku kilimo kinamasini, na mwaka 2005 Rugezi ikatiwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Maji yakarudi. Wakulima waliopoteza vishamba walilipa gharama ya kweli, wala haifai tuisahau.

Korongo mwenye taji, umusambi kwa Kinyarwanda, hujenga kiota katika majani ya vinamasi kama hivyo. Majani yakikauka, hana pa kutagia. Kwa hiyo yeye ni mlinzi wa zamu: akitoweka bondeni, ametupa ishara kabla taa hazijazimika mijini.

Adui wake wa pili tulikuwa sisi wenyewe. Makinda yalichukuliwa viotani, mabawa yakakatwa, ndege wakafanywa mapambo ya bustani. Mwaka 2012 korongo huyo aliorodheshwa duniani miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 tu nchini Rwanda. Tangu mwaka 2014, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake wamewakusanya waliofugwa majumbani. Wenye afya walirudishwa Akagera. Walemavu wanatunzwa katika Kijiji cha Umusambi, hapa Kigali. Idadi ya wanaoishi porini imepanda, jambo linalothibitisha kwamba juhudi huzaa matunda.

Hata hivyo, hesabu za jana haziwezi kutueleza ya miaka hamsini iliyopita. Hayo yamo katika madaftari na vichwa vya wataalamu wetu waliostaafu, waliotembea mabonde haya kabla hayajalimwa. Mzee mwenye elimu hiyo ni hazina ya Taifa. Tunazisihi shule na vyuo viwaalike, viwasikilize, na viandike wanayoyasema wangali hai.

Nasi wananchi hatuna budi kutimiza letu: tusinunue kinda la korongo, tusichome majani ya kinamasi, tusitupe taka mabondeni. Anayelinda kiota cha korongo analinda pia maji ya jirani yake na taa ya mwanawe anayesoma usiku.