Arobaini ya Mgonjwa wa Kisu

Mwanamke aliyetiwa vipandikizi vya matiti huweza, miaka ikipita, kurudi kwa daktari: ngozi imelegea kwa uzito, matiti yataka kuinuliwa. Baada ya kisu huambiwa alale chali, avae sidiria ya kushikilia, na kwa wiki 6 hivi asinyanyue kizito.

Sasa mweke mama huyo Kitengela, mji wa wapangaji huko Kajiado, ambako wengi hununua maji kwa mitungi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Nani atamwinulia? Jamaa wako mbali, na jirani akisikia habari husema: “Amejitakia!”

Sisi twaona hiyo si haki. Uhalali wa pambo waulizwe masheikh. Kumzuru mgonjwa ni wajibu wetu sote. Pwani twamlea mzazi siku 40. Wiki 6 ni siku 42 tu. Basi jirani, mbebee maji, mpikie uji. Ukimwona ana homa, kidonda chatoa usaha, au titi moja limevimba ghafla, mpeleke hospitali upesi. Mgonjwa ahitaji mikono yetu, si ndimi zetu.