Haraka Hii Ina Baraka

Tangu Momofuku Ando alipovumbua tambi za papo hapo nchini Japani mwaka wa 1958, zimekuwa kimbilio la wasio na wakati. Walimu wenye madaftari ya kusahihisha na wanafunzi wa vyuo hudai kwamba hawana budi kuzila kila jioni. Dai hilo silikubali. Kabichi iliyokatwa nyembamba mithili ya tambi, ikitiwa katika supu ya kitunguu, nyanya na tangawizi inayotokota, huiva kwa dakika tano. Kisha yai hukorogewa humo. Mlo huu una wanga kidogo, nao wanga ndio hasa unaopandisha sukari katika damu. Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini na amwone daktari kwanza. Sisi wengine tuna kisingizio gani? Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Ya kisu kikali na sufuria moja inayo.