Mpira wa Kikapu Nao ni Wetu
Wako wasemao kwamba mpira wa kikapu si wa utamaduni wetu, hivyo timu ya Taifa ikishindwa si hasara. Hoja hii ni dhaifu. Soka nayo ililetwa na wageni. Tuliifanya yetu kwa kuicheza kila kitongoji. Vipaji tunavyo: mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wa ligi ya NBA, Marekani. Mwaka 2021 jirani zetu Kenya, ambako fahari ya nchi ni riadha, waliishinda Angola, bingwa wa Afrika mara 11 wakati huo, 74 kwa 73. Tupungukiwacho ni viwanja shuleni. Mchezaji haokotwi siku ya mashindano, hulelewa. Tusidai mavuno ya shamba tusilolilima.