Kigiriki cha Jukwaani Kisitufanye Wapagani

Msimu huu wa korosho mwinjilisti mmoja amepiga kambi Nachingwea, akafunga vipaza sauti juu ya mwembe na kututangazia kwamba sisi tuliomiminiwa maji kichwani bado ni wapagani. Hoja yake nzima ni kitenzi kimoja, baptizo. Kwa Kigiriki, anasema, maana yake ni kuzamisha, basi, asiyezamishwa hajabatizwa. Watu wakashangilia, maana Kigiriki kikishatajwa jukwaani hakuna anayethubutu kuuliza.

Mimi nauliza. Paulo anawaambia Wakorintho, waraka wa kwanza, sura ya 10, kwamba Waisraeli walibatizwa katika wingu na katika bahari. Kitenzi ni kile kile. Sasa fungueni Kutoka 14. Waisraeli walipita pakavu! Waliozama ni askari wa Farao na farasi wao. Ikiwa kubatizwa ni kuzama tu, basi siku ile walibatizwa Wamisri, na Musa akabaki mpagani ufukweni.

Katika Luka 11 Farisayo anashangaa Yesu kuketi chakulani bila kunawa, na Luka ametumia baptizo hiyo hiyo. Je, Farisayo alitaka mgeni wake azamishwe mzima mzima ndipo apewe mkate?

Wanaomuunga mkono mwinjilisti wananijibu kwamba Filipo na towashi Mwethiopia walishuka majini. Ndiyo, walishuka wote wawili. Kama kushuka ndiko kuzamishwa, Filipo naye alizamishwa na nani?

Didake, kitabu cha Wakristo wa mwanzo kabisa, kinaagiza maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Yakiwa haba, yamiminwe kichwani mara 3. Waliokiandika walijua Kigiriki kuliko mhubiri yeyote wa leo, na hawakumwita mtu mpagani kwa uhaba wa maji.

Na uhaba huo sisi tunaujua. Kiangazi Ruangwa akina mama hufukua mchanga wa mto alfajiri kutafuta ndoo moja. Nachingwea tunategemea chemchemi za Mbwinji. Lakini kwa mkutano huu lilichimbwa shimo, likatandikwa turubai, likajazwa kwa boza. Bibi mmoja wa Kimwera, magoti yanamsumbua, alibatizwa utotoni na mapadre wa Ndanda. Nilimwona akitumbukizwa humo, akatoka anatetemeka, na bahasha ya sadaka ikamfikia kabla kanga haijakauka. Mbona mikutano hii haiji Februari, ghala likiwa tupu? Inakuja minada ya korosho ikifunguliwa.

Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Wakristo wa huku walitawanyika, kisha wakarudi kujenga upya. Hao nao walikuwa wapagani kwa sababu maji hayakuwafika mabegani?

Mapadre na makasisi wetu, ukimya wenu unaniudhi kama vipaza sauti vile. Fundisheni waumini Jumapili hii, Biblia mkononi. Anayetaka kuzamishwa kwa ubatizo wake wa kwanza, na azamishwe. Lakini aliyekwisha kubatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu amebatizwa, na hakuna kitenzi cha lugha yoyote kinachompa mtu ruhusa ya kumrudisha shimoni.