Aliyebaki na aliyevuka

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wanaingia Goma, sita kati yetu tulikuwa tumekaa sakafuni kwenye fleti moja hapa Selly Oak, tukiitazama simu. Mama mdogo wa mwenzetu anaishi Goma. Ni mjane, anauza vitenge, ana watoto watatu. Meseji ya mwisho tuliyompelekea ilikuwa na tiki moja tu. Wenye ndugu kule wanajua maana yake: imetoka kwako, haijafika kwake.

Ilibaki tiki moja kwa siku tatu.

Tuliomba. Tuseme ukweli, tuliomba vibaya. Mmoja alianza kwa Kiswahili, maneno yakamwishia, akamalizia kwa Kiingereza. Mwingine alilia tu. Mwingine, ambaye kanisani kwao ni mwimbaji wa kwaya, alisema yeye hataomba kwa sababu hajui tena kama kuna anayesikiliza. Hakuna aliyemjibu, maana hatukuwa na jibu. Mwenzetu Mwislamu, ambaye wazazi wake ni watu wa Mombasa, alitupikia chai ya maziwa akakaa nasi mpaka saa nane usiku.

Jumanne jioni tulikwenda kwenye maombi, mahali ambapo hatutapataja. Tukaeleza shida yetu. Kiongozi alituwekea mikono, na kwa hilo tunamshukuru. Kisha akatuambia kwamba hofu na imani hazikai nyumba moja, na kwamba anayeogopa bado hajaamini. Tulirudi nyumbani kwa basi bila kuongea. Tulikwenda na hofu ya Goma, tukarudi nayo, pamoja na aibu ya kuwa nayo.

Alhamisi ikaingia sauti ya sekunde kumi na moja. Tuko bazima. Maji hakuna, umeme hakuna, lakini tuko bazima. Walimu wetu wangeisahihisha hiyo "bazima" kwa kalamu nyekundu. Sisi hatujawahi kusikia Kiswahili kitamu kuliko kile.

Baadaye tukapata habari zaidi. Wifi yake alikuwa amechukua wanawe akavuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda. Si mbali, miji hiyo miwili imeshikana. Mama mdogo alikataa kuvuka. Ndani mwake kuna mama mkwe asiyeweza kutembea, akasema hamwachi. Basi ikaanza kesi ya familia, kutoka Goma hadi Birmingham kupitia Brussels: kati ya wawili hawa, nani alimtumaini Mungu? Wa Brussels walimlaumu aliyebaki, wakasema anamjaribu Mungu. Wa Birmingham walimlaumu aliyevuka, wakasema imani yake ni haba. Tuliona ajabu kidogo kwamba waliohukumu wote walikuwa wamekaa penye umeme.

Kesi hii si mpya. Mwaka 1977 Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin. Usiku wa tarehe 5 Februari askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum mjini Kampala, wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wa Kanisa Anglikana wakamwandikia Amin barua ya kulalamika, si kwa ajili ya nyumba hiyo tu, bali kwa ajili ya watu waliokuwa wakiuawa nchini. Tarehe 16 waliitwa kwenye mkutano uliojaa askari, wakatuhumiwa kula njama. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, Luwum alizuiwa. Serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Walioupata kuuona mwili walisimulia habari ya risasi.

Mmoja wa walioruhusiwa kuondoka alikuwa Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi. Siku chache baadaye alionywa kwamba naye anatafutwa. Yeye na mkewe Mera waliondoka usiku, wakapanda milima kwa miguu, wakaingia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Nampenda Idi Amin". Alirudi nyumbani baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979.

Wote wawili walikuwa watoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa walokole ambao bibi zetu bado wanausimulia kama jambo la juzi. Waliisoma Biblia ileile na kumwomba Bwana yuleyule. Mmoja hakutoka akauawa, mwingine alikimbia akaishi, na hatujasikia mtu wa maana akisema kwamba Kivengere alimwamini Mungu kidogo kuliko rafiki yake. Sanamu ya Luwum iko juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey tangu 1998. Baadhi yetu tumepita chini yake bila kuinua macho, tukitafuta mahali pa kula.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, tunatofautiana na kiongozi wa Jumanne ile. Yusufu alipoambiwa ndotoni amchukue mtoto na mama yake akimbilie Misri, kukimbia kwenyewe ndiko kulikuwa kutii. Bustanini Gethsemane Yesu alifadhaika, na Marko hakuona haya kuliandika jambo hilo. Yule baba wa mtoto mgonjwa, katika sura ya tisa ya Injili hiyohiyo, alisema kwa pumzi moja kwamba anaamini na kwamba anahitaji kusaidiwa kutoamini kwake. Hakufukuzwa arudi siku akiwa tayari. Mtoto wake aliponywa. Hata sarufi yetu iko upande wake: nina hofu, nina imani. Vyote viwili mtu anaweza kuwa navyo siku moja, na siku zile tatu tulikuwa navyo. Mwenzetu wa Mombasa aliposikia mjadala huu alicheka, akasema wao madrasa walifundishwa mapema: ngamia umfunge kwanza, kisha umtegemee Mungu.

Shaka ya mwimbaji wetu ni jambo jingine, nayo hatutajifanya tumeitatua. Tiki ya pili ilipotokea sisi tulipiga kelele. Yeye alifurahi, kisha akauliza swali ambalo hatukulipenda: je, na wale ambao tiki yao haikuja? Tangu hapo haombi. Lakini mara mojamoja hutembea kutoka chuoni hadi Hagley Road, kwenye Oratory aliyoianzisha John Henry Newman, anakaa benchi la nyuma nusu saa. Newman huyo, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, alipokuwa kijana aliugua homa Sicily mwaka 1833 nusura afe. Akiwa njiani kurudi, meli ikakwama baharini kwa kukosa upepo, na humo akaandika wimbo ambao Waingereza wanauimba mpaka leo, wa mtu aliye gizani ambaye haombi kuonyeshwa safari yote, ila hatua moja. Tulimuuliza mwimbaji wetu kama ndicho anachokwenda kuomba. Akasema haombi chochote. Kama hakuna anayesikiliza, basi amepumzika nusu saa. Sasa huwa mmoja wetu anamsindikiza. Hatumsemeshi.

Wifi alirudi Goma baada ya wiki chache. Wanauza vitenge pamoja, na mama mkwe anawasumbua wote wawili kwa usawa. Kesi ya Brussels haijaisha, ila mashahidi wamechoka. Jumapili iliyopita mama mdogo alipiga simu. Aliuliza kama baridi imepungua, akalalamika bei ya maharage, akasema usiku bado anaogopa na kwamba wifi ndiye anayemchangamsha. Halafu akatuombea mitihani, akitaja majina yetu mmoja mmoja, na la mwimbaji, na la yule wa Mombasa, ambalo hulitamka vibaya kila mara. Laini ilikatika kabla hajafika mwisho. Tukampigia tena.