Shabiki Si Mwizi

Mapenzi yako ya namna nyingi. Kuna ya mtu kwa mtu, kuna ya mtu kwa timu yake, Simba au Yanga, na kuna ya mtu kwa kampuni. Haya ya mwisho ndiyo ya ajabu kuliko yote. Unampenda asiyekujua, unamtangaza bila mshahara, unagombana na marafiki kwa ajili yake, na siku ukijua jambo lake moja kabla ya saa anayoitaka yeye, anakupeleka mahakamani.

Nasema hivi kwa sababu makampuni makubwa ya kompyuta na simu yamekuwa na tabia ambayo sisi vijana tunaoshika kalamu hatuna budi kuitazama kwa macho makavu. Yanawavizia washabiki wao. Yanasoma wanachoandikiana, yanatafuta ni nani kapenyeza siri, na yakikosa kumpata aliyeitoa, yanamgeukia aliyeiandika. Halafu yanaita jambo hilo ulinzi wa mali. Mimi naliita kwa jina lake: uonevu.

Mchukueni kijana wa Kimarekani, Nicholas Ciarelli. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 13, alianzisha jarida la mtandaoni lililoitwa Think Secret. Kazi yake ilikuwa kuandika habari za Apple: Apple asubuhi, Apple jioni. Miaka 13! Wengi wetu umri huo tulikuwa tunafukuzana na mpira wa makaratasi. Mwishoni mwa Desemba 2004 jarida lake likaandika kwamba Apple inaleta kompyuta ndogo, haina skrini yake, bei dola 499. Tarehe 4 Januari 2005 kampuni ikamfungulia kesi kule California. Tarehe 11 Januari, wiki moja tu baadaye, Steve Jobs mwenyewe akapanda jukwaani San Francisco akaionyesha dunia Mac mini, kompyuta ndogo isiyo na skrini, bei dola 499.

Sasa nielezeni, kosa la kijana huyu ni lipi? Alisema uongo? Aliiba kompyuta? Alisema kweli siku chache kabla mwenye mali hajapenda isemwe. Basi. Alikuwa na umri wa miaka 19, mwanafunzi wa Harvard, na mbele yake amesimama tajiri mwenye mawakili wa kila rangi. Desemba 2007 wakapatana nje ya mahakama. Kijana hakuwataja waliompa habari, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini jarida likafungwa. Likazikwa kwa mkono wa kampuni ileile ambayo lilikuwa linaitangaza bure kwa miaka tisa.

Na msije mkadhani makampuni haya yanachukia siri kutoka nje. Hata kidogo! Yanachukia siri itoke kwa mkono usio wao. Januari 2010 John Martellaro, aliyewahi kuwa meneja wa masoko ndani ya Apple, aliandika waziwazi kwamba kampuni hiyo huvujisha habari zake yenyewe kwa makusudi, kwa mdomo au kwa simu, bila kuacha maandishi, ili kupima upepo na kuwatia watu hamu. Mmesikia? Kigogo akinong'ona kwa mwandishi wa gazeti kubwa, hiyo ni biashara. Mtoto wa miaka 19 akinong'onezewa, huo ni wizi. Maji ni yale yale na mtungi ni ule ule. Tofauti ni nani kashika kata.

Tuendelee. Desemba 2004 hiyo hiyo Apple ilifungua kesi nyingine dhidi ya watu isiowajua kwa majina. Habari za kifaa chake cha kurekodia muziki, kilichopewa jina la siri la Asteroid, zilikuwa zimetokea katika PowerPage na AppleInsider, kurasa za washabiki. Kampuni ikaomba mahakama iruhusu kampuni iliyohifadhi barua pepe za PowerPage itoe barua hizo, ili mtoa siri ajulikane. Machi 2005 jaji wa kwanza akaikubalia Apple.

Washabiki wakakata rufani. Tarehe 26 Mei 2006 Mahakama ya Rufani ya California ikautupa uamuzi ule. Majaji walisema mengi, lakini matatu yanatuhusu. Kwanza, sheria ya nchi yao hairuhusu anayehifadhi barua pepe za watu azitoe kwa sababu tu mtu wa tatu ana kesi yake ya madai. Pili, ulinzi wa kutotaja chanzo cha habari unamhusu yeyote anayekusanya habari na kuzitoa kwa umma, hata kama hana kiwanda cha uchapaji. Mahakama haikutaka kukaa kuchambua ni uandishi upi halali na upi haramu. Tatu, na hili ndilo linachekesha, Apple ilikuwa haijawahoji kwa kiapo wafanyakazi wake yenyewe!

Wahenga walimaliza kazi zamani: kikulacho ki nguoni mwako. Kampuni inaumwa na kiroboto kilicho ndani ya shati lake, nayo inatoka nje kumvua nguo mpita njia.

Kampuni ya HP ilivuka hata hapo. Ilipotaka kujua nani katika bodi yake anaongea na waandishi, wapelelezi wa kukodiwa walijifanya wao ndio wenye namba, wakazilaghai kampuni za simu na kupata kumbukumbu za simu za wakurugenzi na za waandishi wa habari tisa. Mambo yalipofichuka mwaka 2006, mwenyekiti wa bodi, Patricia Dunn, akaachia ngazi mwezi Septemba, na Desemba kampuni ikakubali kulipa dola milioni 14.5 kumaliza madai ya jimbo la California. Tunafundishwa kwamba mwizi ni yule anayeruka ukuta usiku. Kumbe kuna mwizi wa mchana, kavaa tai, anajitambulisha kwa jina lako!

Halafu kuna Microsoft. Mwaka 2012 mtu mmoja huko Ufaransa, ambaye kazi yake mtandaoni ilikuwa kuandika mambo ya Windows, alipewa programu za Windows 8 ambazo hazijatoka. Aliyempa alikuwa mfanyakazi wa Microsoft. Bahati mbaya yake, barua pepe yake ilikuwa ya Hotmail, na Hotmail ilikuwa mali ya Microsoft. Kampuni haikwenda kwa hakimu kuomba kibali. Wanasheria wake wenyewe wakaidhinisha, ikafungua sanduku la barua la mteja wake, ikasoma. Hayo yalijulikana Machi 2014 kwa hati za mahakama, mfanyakazi alipokamatwa. Utetezi wa kampuni? Masharti ya huduma yanaruhusu, na eti hakuna mahakama inayompa mtu kibali cha kujipekua mwenyewe.

Jamani! Ni sawa na karani wa posta afungue barua yako kwa kuwa umemsengenya postamasta, kisha akwambie: sanduku letu, stempu yetu, gundi yetu. Kelele zilipozidi, tarehe 28 Machi 2014 kampuni ikaahidi kwamba siku nyingine haitafungua barua za mteja yenyewe, itawapelekea polisi. Vizuri. Lakini ahadi hiyo ilizaliwa na kelele. Wasingepiga kelele watu, sanduku lingekuwa wazi mpaka leo.

Najua jibu la watetezi wa makampuni. Watasema: kijana, punguza jazba, siri ya biashara ni mali. Mshindani akiijua mapema anaiga. Mnunuzi akisikia simu mpya inakuja baada ya miezi miwili, ile iliyoko dukani haigusi tena. Watu mia kadhaa wametoa jasho miaka mitatu, halafu mropokaji mmoja anawanyang'anya siku yao. Hoja hizi zina uzito na sizikatai. Hata sisi, nani anayetaka mswada wake usomwe na mtaa mzima kabla hajaumaliza?

Tena sisemi kila mtu ni malaika. Mwaka 2010 simu ya majaribio, ile iliyokuja kuitwa iPhone 4, ilisahauliwa kwenye baa moja huko Redwood City, California. Aliyeiokota akaiuza kwa jarida la mtandaoni la Gizmodo kwa dola 5,000. Kununua kilichopotea huku ukijua kina mwenyewe si jambo la kujisifia, iwe California, iwe Kariakoo. Mwaka 2019 nako, kurasa za kitabu cha mwongozo wa michezo ya Pokémon Sword na Shield zilipigwa picha kikiwa bado kiwandani kinachapwa, zikasambazwa kabla michezo haijatoka. Kampuni ya Pokémon ikawasaka, na mwaka 2021 watu wawili wakaishia kutakiwa kulipa dola 150,000 kila mmoja. Mtu aliyeaminiwa na mchapaji akavunja uaminifu ana la kujibu, ingawa kiasi hicho kwa picha za kitabu cha mchezo kinanifanya nijiulize kama lengo ni kulipwa au ni kutisha.

Lakini tazameni mstari unapopita. Aliyetia sahihi mkataba wa kutunza siri ana deni na kampuni. Aliyeuza kitu cha watu ana deni na sheria. Shabiki aliyesikia habari akaiandika hakutia sahihi popote. Hana deni. Ukimtwisha deni la mwenzake kwa sababu yeye ndiye uliyemwona, unafanya kama yule baba aliyekosa kumpata aliyekula mboga, akamchapa aliyesema mboga ilikuwa tamu. Na hata kwenye kesi ya ile simu ya baa, polisi walivunja mlango wa mhariri Jason Chen na kubeba kompyuta zake. Baadaye hati ile ya upekuzi ikaondolewa, na mwendesha mashtaka akaamua kutoishtaki Gizmodo. Mlango ulikuwa umekwisha vunjwa.

Kisha ubabe wenyewe haufanyi kazi. Apple iliwaandikia wafanyakazi wake waraka wa kuwaonya: mwaka 2017 peke yake imewakamata wavujishaji 29, na 12 kati yao walitiwa mbaroni. Waraka wa siri, wa ndani. Tumeujuaje? Aprili 2018 waraka huo wa kukataza kuvujisha ulivujishwa, ukachapwa na Bloomberg! Nimesoma riwaya nyingi na sijakutana na kejeli kama hiyo.

Sasa mtauliza, sisi wa vijarida vya kurasa thelathini vinavyobanwa kwa pini tunahusikaje na matajiri wa California? Tunahusika kwenye lile swali lililokuwa mbele ya majaji: nani ni mwandishi? Apple ilikuwa na jibu tayari, kwamba wale si waandishi, ni washabiki tu, hawana ulinzi. Neno hilo "tu" mimi nalifahamu. Niliishia kidato cha nne. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na ithibati inadai vyeti. Mimi na wengi mnaosoma hapa ni "vijana tu". Siku tutakapoandika jambo la kweli lisilompendeza mwenye nguvu, swali la kwanza halitakuwa kama ni kweli. Litakuwa: nyie ni nani, na nani kawaambia?

Msidhani natia chumvi. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam na kufikishwa mahakama ya Kisutu. Polisi walitaka taarifa za watu walioandika kwa majina ya bandia. Yeye akagoma kuwatoa. Kesi zikamzungusha miaka. Mwaka 2019 akapewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari huko New York, na Aprili 2020 akatiwa hatiani katika mojawapo ya kesi hizo kwa kuzuia upelelezi. Kule ni kampuni na hapa ni polisi, lakini ombi ni lile lile: tupe majina.

Kwa hiyo wenzangu, tusiwe wapambe wa kudanganyika. Penda simu yako, penda mchezo wako, hakuna ubaya. Ila kampuni si shangazi yako. Barua unayoandika kwenye sanduku lake, jua sanduku ni la nani. Mtu akikuamini kwa neno, usiandike jina lake hata pembeni mwa daftari. Usinunue kitu cha wizi ukakiita habari. Na ukishajiridhisha kwamba jambo ni kweli na hukuvunja ahadi ya mtu kulipata, liandike, na atakayekuja na mawakili kumi aulizwe kwanza kama amemaliza kuwahoji wa nyumbani kwake.

Mwenye hoja tofauti kalamu anayo. Na aandike, tutamjibu.