Risala ya Marubani wa Ndege za Watalii kwa Uongozi wa Kampuni

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Ndugu Rubani Mkuu,
Ndugu wakuu wa idara na wafanyakazi wenzetu,

Tumekutana leo hapa Kisongo, ndani ya banda hili la ndege, sote tukiwa wazima. Kwa watu wa kazi yetu maneno hayo hayasemwi kwa mazoea. Tunakushukuru, Ndugu Mkurugenzi, kwa kuacha ofisi ukaja kukaa nasi kwenye viti vya plastiki. Risala mbili zilizotangulia tulizisoma mbele ya Ofisa Rasilimali Watu, na majibu tukapewa kwa mdomo koridoni. Hii tumeomba uisikie kwa masikio yako.

Tunayo mengi, lakini yote yanatoka kwenye shina moja. Rubani wa kampuni hii hawezi leo kusema "siruki" bila kupoteza fedha, au kuchafuliwa faili, au yote mawili.

Mwaka jana mwezi wa Julai mwenzetu aliondoka Arusha asubuhi na wageni wa Seronera. Kila rubani aliyeko hapa anayajua mawingu ya Julai juu ya nyanda za Ngorongoro. Hulala kwenye ukingo wa kreta tangu alfajiri, na siku nyingine hayainuki mpaka saa nne, nasi tunaokwenda viwanja vya porini tunategemea macho yetu kuiona ardhi. Alizunguka kusini kutafuta mwanya, hakuupata, akageuza. Alitua hapa na wageni wake wote, wakanywa chai, saa tano wakaruka tena, wakafika salama. Siku tatu baadaye alipokea barua ya kujieleza: kwa nini alichoma mafuta ya safari ambayo haikufika, na kwa nini wageni walikosa matembezi ya asubuhi ya kutazama wanyama. Mwisho wa mwezi sehemu ya gharama ya mafuta hayo ilikatwa kwenye posho yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeeleza ni lini mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi kwa sababu ya hasara. Kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Alichopata mwenzetu ni mstari mmoja kwenye hati ya mshahara, basi.

Lililotutia hofu zaidi ni lililofuata. Wiki ileile kijana mmoja wa kwetu aliyakuta mawingu yaleyale, naye akapita. Alishuka chini yake, akafuata bonde, akatokea upande wa pili, akawahi. Huyo hakuandikiwa barua. Jioni tulipomwuliza kwa nini hakugeuza, alijibu, "Kaka, mimi bado nina miezi kumi na minne ya mkataba."

Tarehe 5 Juni 2018 ndege aina ya Caravan kama hizi zetu, ikitoka Kitale kwenda Nairobi, iligonga milima ya Aberdare. Ndani walikuwamo watu 10, hakupona hata mmoja. Uchunguzi wa ajali una wenyewe, nasi hatuna la kuongeza juu yake. Tunaitaja kwa sababu ndege ni ileile, na milima yenye mawingu hata sisi tunayo.

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, miezi kumi na minne aliyoitaja kijana yule ndiyo inayotuleta kwenye suala la ajira. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kama mtu amesoma kozi iliyoidhinishwa. Kijana anarudi kutoka Wilson, Nairobi, au kutoka Afrika Kusini, na saa hizo mkononi pamoja na deni ambalo si lake peke yake: baba ameuza shamba, shangazi amekopa kikoba. Tangazo letu la kazi linataka saa 500. Kati ya 200 na 500 pana shimo, na kampuni imelifanya shimo hilo mradi. Kijana anaitwa "rubani wa mafunzo", anakaa kiti cha kulia miezi sita bila mshahara. Anapakia mabegi, anapima wageni kwenye mizani, anafuta vioo, anakimbilia mafuta. Siku akitokea mgeni mwenye kamera kubwa anayetaka kukaa mbele, kijana anabaki chini. Wala haijatupita kwamba miezi sita ndiyo muda uleule ambao, kwa sheria ileile ya 2004, mfanyakazi hajapata haki ya kudai kwamba ameachishwa kazi isivyo halali.

Akimaliza, anasainishwa mkataba wa kubaki miaka miwili. Akiondoka kabla, atalipa "gharama zote za mafunzo". Kiasi gani? Hati haisemi. Tumezitazama hati za wenzetu kadhaa, na mahali pa tarakimu pana nukta nukta.

Tueleweke vizuri: hatupingi mkataba wa kubaki. Kampuni ikimpeleka mtu kwenye simulata, ikamlipia mkufunzi na mafuta, ina haki ya kufaidi jasho lake. Tunachodai ni kwamba gharama iandikwe kwa shilingi na ithibitishwe kwa risiti, ipungue kila mwezi anaofanya kazi, na ndani ya mwaka mmoja iwe imekwisha. Miezi ya mafunzo ilipwe mshahara wa msingi, maana mtu anayepakia mabegi ya kampuni kuanzia saa kumi na moja alfajiri ni mfanyakazi wa kampuni. Na hati yenye nukta nukta, hata kama imeshasainiwa, irudishwe mezani.

Malipo nayo. Mshahara wetu wa msingi haufiki theluthi ya anachopokea rubani mwezi wa Agosti. Kinachobaki ni posho ya saa za kuruka. Mfumo huu unapendeza wageni wanapojaa Serengeti kufuata nyumbu. Masika yakiingia, kambi nyingi zinafungwa Aprili na Mei, ndege zinalala hapa bandani, nasi tunabaki na msingi peke yake. Kisha inakuja barua ya "likizo bila malipo" ya mwezi mzima. Likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo ni haki ya kisheria. Kuigeuza kuwa mwezi wa njaa hatukubali.

Ubaya wa posho ya saa hauishii mfukoni. Rubani mwenye homa anajua kwamba akibaki kitandani amepoteza ada ya mtoto. Mwenye usingizi anajua. Aliyeyaona mawingu anajua. Tumeifungia fedha yote kwenye propela, halafu kila Jumatatu kwenye kikao cha usalama tunahimizwa tusiruke tukiwa na shaka. Tunadai mshahara wa msingi upandishwe ufike walau robo tatu ya wastani wa mapato ya rubani kwa mwaka, na posho ya saa iwe nyongeza tu. Safari iliyogeuzwa kwa hali ya hewa ihesabiwe kama imefika.

(Wageni wetu wengi wanaamini rubani ni tajiri. Wakishuka wanampa bakshishi dereva na mpishi wa kambi, sisi wanatupa mkono. Hatuwalaumu.)

Lipo suala la wenzetu wa kigeni, nalo tunalisema bila chuki, maana wanalala mahema yaleyale na kugeuza kwenye mawingu yaleyale. Wao wanalipwa kwa dola, sisi kwa shilingi, kwa ndege ileile na njia ileile, na shilingi hizo ukizibadilisha hazikaribii. Sheria ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na utaifa umetajwa humo kwa jina. Sheria ya kuratibu ajira za wasio raia ya mwaka 2015 nayo inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha mzawa ujuzi. Tunaomba kuuona mpango wa kampuni hii. Kama upo, wengi wetu ndio tumetajwa humo na hatujui.

Sasa saa za kazi. Kampuni inatunza vizuri daftari la saa za kuruka, kwa sababu wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga hulifungua. Lakini saa za kuruka ni kipande tu cha siku. Rubani anaamka saa kumi usiku. Saa kumi na moja na nusu yuko hapa anaikagua ndege, anachukua hali ya hewa, anapanga mzigo. Arusha, Manyara, Seronera, Kogatende, kisha kurudi kwa njia ileile, kisha Zanzibar, kisha pengine Dar es Salaam. Kwenye daftari yanaandikwa masaa sita. Mwilini ni masaa kumi na matatu, na humo mna kutua mara saba au nane. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, kwa hiyo huyohuyo anaruka, anaongea na redio, anafungua mlango, anashusha mabegi, anatabasamu. Kiwanja ni cha changarawe. Mara nyingine lazima upite chini kwanza ukawafukuze pundamilia, uzunguke, ndipo utue. Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na saa nane mchana wa joto hewa ya huko ni nyepesi, ndege inakula kiwanja kirefu kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana kilo 15 za begi zilizoandikwa kwenye tiketi si ubahili wetu. Wakala anayeleta masanduku ya magurudumu ya kilo 25 na kumwambia mgeni "rubani atakusaidia" anatuweka pabaya, na malalamiko yakifika ofisini anayeulizwa ni rubani.

Wageni nao huchelewa. Simba kaonekana njiani, hakuna anayetaka kuondoka. Viwanja vya porini havina taa, jua la huku halisubiri, na ofisi ya mipango inapiga simu kila dakika kumi. Mtu wa namna hiyo, aliyeamka saa kumi usiku, ndiye tunayemtaka aamue kwa utulivu saa kumi na mbili kasoro jioni kama bado kuna mwanga wa kutosha.

Tunadai saa za kila siku zihesabiwe tangu rubani anaporipoti mpaka anapoondoka, ziandikwe kwenye kitabu ambacho yeye anabaki na nakala yake. Na tunadai, Ndugu Mkurugenzi, jambo ambalo tunajua litauma hesabu zako: siku yoyote yenye kutua zaidi ya mara tano, kiti cha kulia kikaliwe na rubani wa pili anayelipwa. Utapoteza kiti kimoja cha mgeni, hilo hatulifichi. Lakini humohumo utakuwa umemaliza tatizo la vijana wenye saa 200, maana watapata mahali pa kukua bila kuombaomba, na rubani mkubwa atapata mtu wa kumwambia, "Kaka, tugeuze."

Yaliyobaki ni madogo na hayahitaji kikao. Hema la marubani kambini lisiwe jirani na jenereta. Cheti cha afya kilipiwe na kampuni. Mwenzetu aliyevuka miaka 40 na anaruka peke yake na abiria anapimwa kila miezi sita, na leo analipa mwenyewe. Michango ya NSSF ikatwe kwenye kipato chote.

Barua ya kujieleza aliyopewa mwenzetu wa Julai iondolewe kwenye faili lake, na fedha zake zirudishwe. Kisha utolewe waraka wenye saini yako, ubandikwe ukutani kwenye ofisi ya mipango, kwamba rubani aliyegeuza, aliyekataa mzigo au aliyesema amechoka hataulizwa na mtu wa mauzo wala wa mipango. Ataulizwa na Rubani Mkuu peke yake, na posho yake haitaguswa.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Juni, siku ratiba ya msimu inapobandikwa. Tukiyakosa, tutapeleka madai haya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa utaratibu wa sheria, na nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hatutishii mgomo, wala hatuna nia ya kumwacha mgeni porini.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndege ya kwanza inaondoka kwenda Kogatende ikiwa imejaa. Rubani wake amekaa safu ya pili, kushoto kwako, na utabiri wa usiku huu umeonyesha mawingu Ngorongoro. Tunakuomba, kabla hajaondoka hapa, umwambie wewe mwenyewe kwamba anaruhusiwa kugeuza.